Kati ya Vidonge na Kisu

Mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa mama mkwe wangu.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara inayotoka Rulenge kwenda Biharamulo. Mimi nilizaliwa Kibimba, nikaolewa na fundi seremala wa upande wa Rulenge, na kote huko nilizoea nyumba iliyozama ndani ya migomba yake, jirani unamsikia akikohoa lakini humwoni. Kijijini nyumba zilipangwa kwa mistari, mlango ukitazamana na mlango. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa hatua ishirini kutoka kwangu, na choo chetu kilikuwa nyuma, mahali ambapo kila aliyekaa kivulini aliweza kuona nani anakwenda na nani anarudi.

Nasema habari za choo kwa sababu ugonjwa wangu ulianzia huko. Tumbo lilinikata asubuhi moja nikiwa shambani kwenye zamu ya kijiji. Nilidhani ni kuhara kwa kawaida. Siku ya tatu nikaona damu. Baada ya wiki mbili nilikuwa nakwenda chooni mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku, na kila nikitoka nilikuta macho ya watu upande wa pili wa barabara. Wanawake wawili waliacha kunisalimia. Nilisikia kwamba wanasema mwalimu wa kisomo anakwenda kufukia vitu kule nyuma.

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa kisomo. Nilimaliza darasa la saba, nikapewa kazi ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika kila siku baada ya chakula cha mchana, kwenye banda la chama. Kazi ile ilinipa heshima, na ilinipa watu wa kunionea wivu. Kwa hiyo nilipougua, mimi nami nilitafuta aliyenifanyia.

Mama mkwe alikuwa ananiletea uji wa ulezi kila asubuhi, na ndani yake alitia maji ya mubilizi, ule mti mchungu ambao kwetu hutumika kwa kila maradhi ya tumbo. Niliunywa huku nikimtazama usoni. Nikawaza: tumbo limeanza lini? Baada ya kuhamia karibu naye. Nani ananilisha? Yeye. Nikaanza kuumwaga uji nyuma ya nyumba akishaondoka. Siku moja alirudi kuchukua kata yake akanikuta ninaumwaga. Aliokota kata, akaenda zake, na uji haukuja tena.

Zahanati walinipa dawa ya kuhara damu, mara tatu, kila mara ya aina nyingine. Nilipata nafuu ya siku chache, kisha nikarudi palepale. Mume wangu akanibeba kwenye baiskeli hadi hospitali ya misheni. Daktari pale alikuwa Mzungu, mrefu, anayesema Kiswahili cha kitabuni kwa sauti ya taratibu. Alinipima kwa bomba la chuma lenye taa, na sitaeleza mahali lilikopitishwa. Sista muuguzi, ambaye alikuwa Mhangaza mwenzangu, alinishika mkono akanisemesha Kihangaza mpaka yakaisha.

"Utumbo wako mpana una vidonda," daktari aliniambia. "Vimetapakaa ndani, kuanzia chini kupanda juu. Si amiba, si minyoo. Ni mwili wenyewe unaojishambulia."

"Nimeupata wapi?"

"Hatujui."

"Wenzangu wangapi hapa wanao?"

"Kwa watu wa huku nimeuona mara moja tu kabla yako. Kwetu Ulaya upo mwingi."

Jibu lile lilinikaa vibaya. Ugonjwa wa Wazungu umefikaje kwa mtu wa Kibimba ambaye hajafika hata Bukoba? Niliporudi nyumbani nililigeuza neno lile kwa siku nyingi. Ama ananidanganya, ama hajui, na sikujua lipi ni baya zaidi.

Alinipa vidonge vya aina mbili. Vya kwanza vikubwa vya njano, viwili mara nne kwa siku. Vya pili vidogo vyeupe, na hivi alivirudia mara tatu, mume wangu akisikia: nisiache vyeupe ghafla hata siku moja, ni hatari. Nilimeza. Siku ya pili mkojo wangu ukawa rangi ya machungwa yaliyoiva. Nilikaa chooni nikiutazama, nikasema sasa wameniua kabisa. Mume wangu akapanda baiskeli kwenda kuuliza, akarudi jioni amejaa vumbi. "Ni rangi ya dawa tu," alisema. "Sista amecheka."

Baada ya mwezi damu ilikatika. Nikaweza kusimama mbele ya darasa saa nzima bila kutoka. Lakini vile vyeupe vilinivimbisha uso. Mashavu yakawa mviringo kama chungu, na mwaka ule mvua ilikuwa haba, watu walikuwa wamekonda. Unaweza kufikiri mwenyewe kilichosemwa. Siku moja mwenyekiti wa kijiji alikuja na wajumbe wawili, wakasema wanakagua usafi wa kaya. Usafi gani? Walifunua vyungu vyangu kimoja kimoja, wakanusa, wakapekua chini ya kitanda. Walikuwa wanatafuta mahindi ya ghala la kijiji.

"Mwalimu, unanenepa," mwenyekiti alisema akiwa mlangoni.

"Ni dawa."

"Dawa inayonenepesha? Basi utuonyeshe na sisi."

Darasa langu lilikuwa na watu thelathini. Likabaki na wanane.

Ziara ya nne au ya tano hospitalini, ndipo daktari alipotaja kisu kwa mara ya kwanza. Alisema dawa inatuliza, haiponyi. Alisema utumbo ule ukiendelea kuchakaa unaweza kupasuka, au kugeuka kansa baada ya miaka. Njia ya kuumaliza ugonjwa ni kuutoa utumbo mpana wote, na kutoboa tundu tumboni ambalo choo kitapitia maisha yangu yote, kwenye mfuko.

"Kuutoa wote?" niliuliza.

"Wote."

"Na tundu halifungwi tena?"

"Halifungwi."

Nilimwangalia mikono. Ilikuwa misafi mno, kucha fupi. Nikawaza: mtu huyu ameona ugonjwa huu mara moja tu kwa watu wetu, na anataka kulifungua tumbo langu. Mimi ndiye daftari lake la kujifunzia. Nikamwambia nitabaki na vidonge. Hakubishana, akaandika kwenye kadi. Hata kule kutobishana nilikushuku.

Kisha vidonge vikaanza kupungua.

Nilikuwa napewa vya mwezi mzima. Mwezi mmoja vya njano viliisha siku tano kabla ya siku ya kurudi. Nilidhani nimekosea kumeza. Mwezi uliofuata viliisha siku sita kabla. Nikaenda kwa mgawa dawa, nikamwambia ahesabu mbele yangu, na nikahesabu tena mwenyewe pale dirishani huku watu nyuma yangu wakinung'unika. Vilikuwa kamili. Basi mwizi alikuwa nyumbani.

Ili visiniishie nikaanza kujipunja, nikimeza kimoja badala ya viwili. Damu ikarudi. Sanduku langu la vidonge nililifunga kwa uzi mweusi, fundo nililolijua. Baada ya siku tatu uzi ulikuwepo, fundo lilikuwa jingine.

Nilivuka uwanja nikamkuta mama mkwe anapepeta maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, vidonge vyangu unavifanyia nini?"

Aliuweka ungo chini polepole. "Mimi?"

"Nani mwingine anaingia kwangu?"

"Mwanangu," alisema, "uji wangu uliumwaga nikanyamaza. Kizingiti chako sijakivuka tangu siku ile. Kaulize kwingine." Akaunyanyua ungo, akaendelea kupepeta. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na mimi nikasema moyoni: angalia, anatetemeka.

Vita ikaanza miezi michache baadaye. Redio ya mwenyekiti ilitangaza kwamba nduli amevuka mpaka, amefika mto Kagera. Sisi tulikuwa mbali na mpaka ule, lakini wanamgambo wa kijiji waliitwa wote, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa nimekonda wakati ule, uso tu ndio umevimba, na wako waliosema mbele yangu kwamba fundi anamtumia mke mgonjwa kama kisingizio. Alikwenda. Waliondoka kwa lori mchana, wanawake wakiimba. Kabla ya kupanda aliingia kwa mama yake wakakaa muda mrefu mlango ukiwa umefungwa. Nilisimama nje nikijiuliza mtu anayeaga mama yake anafunga mlango kwa nini.

Alipoondoka, vidonge vikaacha kupungua.

Nilihesabu wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna kilichokosekana. Mama mkwe alikuwepo palepale, hatua ishirini. Nilikaa kitandani na sanduku mapajani nikaelewa kwamba nimemshitaki mtu asiye na kosa, na kwamba aliyekuwa ananiibia ni mtu niliyelala naye. Mara nikaanza upya: anampelekea nani? Yuko mwanamke mwingine mgonjwa? Nilizikumbuka safari zake zote za kutengeneza milango na madawati, nikazipanga upya kichwani. Huko vitani huenda alikuwa anauawa, na mimi namwonea wivu kwa mwanamke ambaye sikujua hata kama yupo.

Siku yangu ya hospitali ilipofika, nilipanda lori la mkaa. Mgawa dawa alinionyesha rafu. Vyeupe vilikuwepo vichache. Vya njano hapana. Magari yote yamechukuliwa kwenda vitani, alisema, shehena ya dawa haijulikani itafika lini. Nikarudi mikono mitupu, tumbo limejaa kama ngoma.

Mama mkwe alikuja jioni ile ile. Alisimama nje ya kizingiti.

"Wamekupa?"

"Hawana."

"Hawana kabisa?"

"Kabisa."

Akatoa kopo la maziwa ya unga chini ya kanga yake, limefungwa kwa nta. "Mume wako aliniachia. Alisema nisikupe mpaka hospitali iseme imekwisha, maana ungevimeza vyote. Alisikia kwa madereva, tangu kabla ya vita, kwamba magari yanapungua na dawa zitakwama. Akawa anakuwekea akiba."

Ndani mlikuwa na vidonge vyangu vya njano, vingine vimeshikana kwa unyevu, vingine vimekuwa unga. Vyeupe mume wangu hakuvigusa hata kimoja. Alikuwa amelisikia vizuri onyo la daktari. Nililia pale chini, na sitasema nililia kwa upendo tu. Nilikuwa na hasira ya kuweza kulipasua lile kopo. Damu yangu ilirudi kwa sababu ya akiba ile.

"Umejua lini?" nilimuuliza mama.

"Siku aliyoondoka. Siku uliyonishitaki sikujua lolote."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe," alisema, "lakini si leo."

Vile vidonge sikuvimaliza. Homa ilinipanda, tumbo likawa gumu, na safari hii mama mkwe ndiye aliyenipeleka. Tulilala njiani kwa ndugu zake, tukafika hospitali kesho yake mchana. Daktari aliniminya tumbo, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Hakuwahi kukaa kabla ya siku ile.

"Njia ni mbili," alisema. "Nikupe sindano na vidonge ulivyonavyo, utulie hapa. Inawezekana ukapoa. Isipowezekana utumbo utapasuka, na wakati huo huenda sina gari la kukupeleka Mwanza. Au uende Mwanza sasa ukapasuliwe. Gari la misheni linaondoka baada ya siku tatu. Baada ya hapo sijui."

"Na huko wako wanaoweza?"

"Yupo mpasuaji. Nitamwandikia."

"Ameshafanya kazi hii mara ngapi?"

"Utumbo, mara nyingi. Ugonjwa huu, sijui."

Nikasema: "Nionyeshe mtu mmoja anayeishi na hilo tundu. Mmoja tu. Nimwone kwa macho yangu."

Daktari na sista walitazamana. Nikafikiri, nimewapata. Lakini sista akasema yupo mzee mmoja Mwislamu, mfanyabiashara wa ngozi, aliyewahi kuchanwa tumbo na nyati katika pori la Biharamulo. Si ugonjwa wangu, lakini mfuko ndio ule ule. Alikuwa akikaa kwa binti yake Nyamiaga, na kila mwezi hupitia hospitali kuchukua dawa ya kupaka tumboni. Wakamtumia ujumbe.

Alikuja siku ya pili, kanzu safi, kofia ya kufuma, ameshika birika lake la maji. Sista akavuta pazia. Tulikuwa mimi, mama mkwe na yeye.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Wamesema unataka kuona."

"Samahani baba, ni aibu kukuomba."

"Aibu niliimaliza mwaka wa kwanza." Akapandisha kanzu upande, akafungua mkanda wa kitambaa. Mfuko ulikuwa wa mpira, umeshonewa pete. Akauondoa. Pale palikuwa na kinundu chekundu, chenye unyevu, kama ndani ya mdomo wa mtoto. Ngozi iliyokizunguka ilikuwa imebabuka.

Mama mkwe ndiye aliyeinama karibu, akatazama kama anavyotazama maharage.

"Inauma?"

"Yenyewe haiumi. Ngozi ndiyo inayounguzwa ikivuja."

"Inavuja?"

"Mama, inavuja. Nilivuja msikitini mwaka juzi, watu wakasogea. Nilikwenda kwa shehe nikamuuliza nisali vipi na mimi sina udhibiti. Akaniambia nitawadhe kila sala ikiingia, nisali hivyo hivyo, Mungu anajua."

"Inanuka?"

"Ukila samaki, sana. Ukila maharage inapiga kelele mbele za watu."

"Na mke wako?"

Mzee aliufunga mkanda kabla ya kujibu. "Miaka miwili alilala chumba kingine. Halafu akarudi. Sikumwuliza kwa nini alikwenda wala kwa nini alirudi." Akanigeukia mimi. "Mwanangu, mimi sitakuambia upasuliwe. Nakuambia tu kwamba jana nilipanda baiskeli kutoka Nyamiaga hadi mjini na kurudi."

Akaondoka na birika lake. Tangu nianze kuugua, yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenieleza mabaya yote bila mimi kumbana, na hakunitaka chochote. Nilimchunguza kila upande, sikupata sababu ya kumshuku.

"Unasemaje, mama?" niliuliza.

"Tumbo si langu."

"Lakini unasemaje?"

"Nasema vidonge vinakuja na gari," alijibu. "Na gari linaendeshwa na watu tusiowajua."

Niliwaza hivyo hivyo, ila yeye alisema kwanza. Vidonge vilihitaji meli, dereva, mgawa dawa, na nchi isiyo na vita. Lile tundu lilihitaji maji, kitambaa na mikono yangu mwenyewe. Mtu asiyemwamini mtu achague lipi? Nilimwita sista nikamwambia nitakwenda. Akaniletea karatasi, akasema kwa desturi mume ndiye anayeweka sahihi. "Mume yuko vitani," mama mkwe alisema, "na aliyemzaa ni mimi, na huyu anajua kuandika." Niliandika jina langu.

Sikumbuki mengi ya safari ila mitikisiko ya Landrova na kivuko, na mama akinishikia tumbo kwa viganja viwili kila gari lilipoingia shimoni. Hospitali ya Mwanza ilikuwa imejaa. Nilimuuliza mpasuaji maswali mpaka akacheka, na nilipolala kwenye meza bado nilikuwa namwangalia aliyeshika sindano ya usingizi, nisome herufi kwenye kichupa chake.

Nilipoamka sikuthubutu kutazama kwa siku nne. Mama ndiye aliyenisafisha. Siku ya tano alivuta shuka, akasema, "Haya, tazama. Ni chako, sitakuogeshea mpaka nife." Nikatazama. Nikatapika. Siku ya sita nikajisafisha mwenyewe, vibaya, nikalowanisha kitanda chote. Mwezi wa pili tulirudi nyumbani na mifuko miwili ya mpira na kipande cha shuka la mpira la hospitali tulichopewa kutengenezea mingine.

Mume wangu alirudi vita ilipokwisha, amekonda, sikio moja halisikii vizuri. Mama alinisihi nisimwambie kwamba akiba yake ndiyo iliyonirudisha kitandani. Nilinyamaza wiki tatu. Kisha nikaona ninavyomtazama akifungua sanduku kutafuta misumari, nikajua kwamba nisiposema nitaendelea kumtazama hivyo mpaka uzeeni. Nikamwambia yote, uzi, fundo, mwanamke niliyemtunga kichwani.

Alikaa kwenye benchi lake la useremala. "Nilidhani nakuokoa," alisema.

"Najua."

"Ilinipasa nikuambie."

"Ndiyo. Ungeniambia."

Baadaye nilimuuliza daktari kama ni ile akiba iliyoniharibu. Alijibu kwamba utumbo ule ungefika pale pale kwa njia yoyote. Alijibu haraka mno, akiangalia dirishani, na mpaka leo sijui kama alisema kweli au alikuwa na huruma na ndoa yangu.

Jioni ya siku niliyomwambia yote, mume wangu aliomba kuona. Nilisimama karibu na dirisha ili apate mwanga, nikafungua mkanda huku nikimtazama usoni, nikisubiri akunje uso. Hakuukunja. Alipima kwa vidole upana wa pete ya mpira iliyoshonewa mfuko wangu, akauliza kama inanikata ninapoinama kulima, nikasema inakata. Kesho yake alianza kuchonga pete nyingine ya mti laini, akiilainisha kwa msasa, na kila baada ya muda akiijaribu kwenye ngozi ya mkono wake mwenyewe.